Jani la Bi Kindi na Maandazi ya Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani maana hata bibi aliyenisimulia hakuujua, wanyama waliishi kama sisi. Walifagia nyua, walipika uji, waligombana na majirani wakapatana. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, usikilize!

Katika kijiji kimoja aliishi Bi Kindi. Mdogo huyo! Mkia wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Kila siku ya gulio alichukua jani la mgomba na mwiba mkali, akaandika habari za kijiji, kwaru, kwaru, kwaru. Nani kajifungua, nani anauza mtama, daraja gani limeoza. Kisha akalitundika jani kwenye nguzo, kando ya njia ya mtoni, wanyama wakasimama na ndoo zao wakasoma. Asiyejua kusoma alisomewa.

Na walimwamini, mnajua kwa nini? Safari moja aliandika kwamba Babu Kobe amefariki. Majirani wakaja na vilio na unga wa matanga. Kumbe mzee kalala tu ndani ya gamba lake! Gulio lililofuata, Bi Kindi akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: "Nilikosea. Babu Kobe yu hai. Niliandika bila kwenda kumwona. Nisameheni." Tangu hapo hakuandika neno asilolihakikisha mwenyewe.

Basi, mwaka mmoja mto ukakauka. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri tu, lakini mto ukakauka, mkavu kau! Mzee Tembo, mkuu wa kijiji, akaitisha baraza. Pembeni yake aliketi rafiki yake, Bwana Kiboko.

"Ndugu zangu," akasema Tembo kwa sauti ya huzuni, "chemchemi ya mto imekufa. Siku ya gulio kila mtu afungashe vyake, ahamie mto mwingine, mwendo wa siku mbili. Mimi na Bwana Kiboko tutabaki kulinda makaburi ya wazee wetu."

Mama Digidigi akaangua kilio. "Mzee wangu, mwanangu ana siku tatu tangu azaliwe! Miguu yake haijakaza. Siku mbili juani, bila maji, atanifia njiani!"

"Pole sana, mama," akasema Tembo. "Mimi ningefanyaje? Mimi si wingu."

Bi Kindi alikuwa hamtazami Tembo. Alikuwa anamtazama Kiboko. Kijiji kizima kimejaa vumbi, midomo imepasuka, lakini Bwana Kiboko kalowa tope bichi mpaka masikioni!

"Mmh!" akaguna Bi Kindi. "Hili jambo lina namna."

Kesho yake asubuhi akapanda kuelekea chemchemini, tawi hadi tawi, ruka, shika, ruka, shika. Alipofika, loo! Magogo makubwa yamelazwa, udongo umeshindiliwa, na nyuma yake bwawa limejaa pomoni. Kiboko kajitosa, chubwi! Tembo anajimwagia maji mgongoni, shwaaa!

Mngekuwa nyinyi mngekimbia. Bi Kindi akashuka mtini.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

Tembo akapaliwa na maji. "Ma... marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nimefuata maji, na nimeyaona. Nitaandika habari ya bwawa hili. Lakini siandiki kabla sijamsikia mwenyewe. Una lipi la kusema?"

"Sisi ni wakubwa!" akafoka Tembo. "Miili yetu ina joto! Tunataka kuoga kwa nafasi, bila vitoto vyenu kupiga kelele! Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee. Nitaandika hivyo hivyo."

"Thubutu!"

Tembo akatangulia kijijini, tindi, tindi, tindi! Akaing'oa nguzo ya kutundikia jani, akaivunja vipande viwili, kwacha! Akatangaza: "Kuanzia leo ni marufuku kutundika jani! Nikiliona moja, naikanyaga nyumba ya aliyelitundika!"

Bi Kindi akajaribu kusema kwa mdomo. Akamnong'oneza jirani, jirani akamnong'oneza jirani. Kufika jioni, maneno yalikuwa yameshageuka: eti Mzee Tembo kaumeza mto mzima.

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga makofi. "Nimeumeza mto! Haya, nitazameni tumbo! Mnasikia mawimbi humu?"

Wanyama nao wakacheka. Waliocheka hawakutaka tena kusikia habari za bwawa. Bi Kindi akarudi nyumbani analia, na mimi simlaumu, maana alikuwa na ukweli na hakuna aliyetaka kuupokea. Kabla ya gulio ilikuwa imebaki siku moja tu. Kwa Mama Digidigi mizigo ilikuwa imeshafungwa, na mtoto anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena.

Kulipokucha Bi Kindi, machozi bado yanamtoka, akapita kwa rafiki yake Mama Kanga, muuza maandazi. Akamkuta amezama kwenye unga mpaka shingoni.

"Shoga, sina nafasi hata ya kujikuna!" akasema Mama Kanga. "Mzee Tembo ameagiza maandazi ya kijiji kizima. Ya kuwaaga. Anataka wamkumbuke kwa wema, mwone!"

"Utayafunga na nini?"

"Na majani ya mgomba, kama siku zote. Kila andazi na jani lake."

Bi Kindi akafuta machozi. Mkia ukasimama wima. "Shoga, naomba hayo majani."

Mama Kanga akaelewa, akaogopa. "Wee! Na Tembo akisoma?"

"Umeshawahi kumwona Tembo akifungua andazi?"

Mama Kanga akafikiri kidogo, kisha akacheka, ke-ke-ke-ke! "Yule? Yule hula andazi na jani lake! Na Kiboko hutupia kinywani vyote pamoja, wala hatafuni!"

Wakakaa kutwa nzima. Mmoja anakaanga, chwaa, chwaa. Mwingine anaandika, kwaru, kwaru, kwaru. Maneno yale yale, kwenye kila jani, upande wa ndani. Vidole vikamvimba Bi Kindi, asiache.

Asubuhi ya gulio akamwendea Tembo, kainamisha kichwa.

"Mzee wangu, nimekuja kwa heshima. Usimwachie Mama Kanga kugawa maandazi. Gawa mwenyewe, kwa mkonga wako. Wanaokwenda mbali wamkumbuke aliyewapa."

Tembo akavimba kwa furaha. "Ala! Leo umepata akili! Leteni vikapu!"

Basi wanyama wakakusanyika, na Mzee Tembo akagawa. Hakuruka nyumba hata moja. "Haya, Mama Digidigi, chukua, uende salama. Haya, Babu Kobe, na wewe." Kila mnyama akapewa, akasema ahsante. Mwisho Tembo akajichukulia la kwake, na jani lake, gwaf! Kiboko naye, gwaf!

Wadogo wakaanza kufungua, taratibu, maana wadogo hupenda kulamba sukari iliyoganda kwenye jani.

Hakuna aliyetafuna.

Babu Kobe akalisogeza jani karibu na macho, akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Maji yapo. Yamefungwa kwa magogo, chemchemini. Nimeyaona kwa macho yangu. Mzee Tembo anasema ameyafunga kwa sababu wao ni wakubwa na wanataka kuoga kwa nafasi. Msiniamini mimi, nendeni mkaone. Bi Kindi."

"Hata langu limeandikwa hivyo!" akapaza sauti Mama Digidigi.

"Na langu! Na langu! Neno kwa neno!"

Tembo akapiga mguu chini, puu! "Nilisema marufuku! Nani kayaleta majani haya?"

Wote wakamtazama. "Wewe, Mzee," akajibu Babu Kobe. "Umetugawia mwenyewe, mmoja mmoja."

"Mwongo! Langu halikuwa na maandishi! Liko wapi langu?"

"Tumboni, Mzee."

Hoi! Kicheko cha siku ile mngekisikia hapa tulipo! Lakini hawakukaa kucheka. Wakapanda chemchemini wote, wakaona. Hakuna aliyempiga Tembo. Walisimama tu wakamtazama, yeye na Kiboko, na Mama Digidigi mbele yao kambeba mwanawe. Tembo akatazama chini. Akaingiza mkonga kwenye magogo, akaling'oa la kwanza mwenyewe. Kiboko akasukuma la pili. Chwaaaaa! Maji yakateremka.

Mama Digidigi akachovya kwato, akamlowesha mtoto midomo. Mtoto akalamba, akapiga chafya. Mama akageuka kwa Bi Kindi. "Ahsante," akasema. "Ahsante kwa kwenda kuona."

Mizigo ikafunguliwa. Wiki ile kila nyumba ikaleta chipukizi la mgomba, wakampandia Bi Kindi shamba zima nyuma ya nyumba, asikose jani maishani mwake. Nguzo mpya aliichimbia Mzee Tembo, na migomba ile akawa anaimwagilia yeye, jioni kwa jioni, kwa mkonga.

Na andazi? Siku hizi hulifungua kwanza, akasoma jani mpaka mwisho, ndipo akala.

Nanyi wanangu, anayekwenda kuona na kurudi kutuambia ukweli, tumlinde na tumshukuru, maana maji tunayokunywa yana jasho lake.