Wajina wa Mtoto wa Namkunda

Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikikatizwa nasahau, na nikisahau nakasirika. Hadithi ninayo, hukumu sina. Hukumu mtanipa ninyi.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bibi Naetwe wa Upareni alikuwa na jicho. Alikwisha kufua nepi za wajukuu kumi na mmoja, na akiitazama nepi tu anakwambia mtoto huyu ana nini. Kadeghe, dereva wa lori la tangawizi, alikuwa na mwendo. Barabara ya mlimani aliijua kona kwa kona, mvua au jua. Na Daktari Kokugonza, mpasuaji katika hospitali kubwa kule chini, alikuwa na subira. Msicheke, kazi ya subira mtaiona.

Katikati yao yuko Namkunda, mke wa mtoto wa Bibi Naetwe, na hofu yote ya hadithi hii ni yake. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku nne, tumbo limevimba, hajapewa hata jina. Sasa alikuwa na wa pili, binti tena, na kila kulipokucha alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Alinyonyesha huku mkono mmoja unapapasa tumbo la mtoto, kama ni laini au limekaza.

Asubuhi ya siku ya nne mtoto alitapika.

Namkunda alijipa moyo kwamba ni kucheua tu. Bibi Naetwe aliichukua kanga iliyotapikiwa akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Matapishi yalikuwa ya kijani, kijani cha mboga iliyopondwa, wala hayakuwa na weupe wa maziwa.

"Vaa viatu," alisema.

"Mama, si wewe uliyesema mzazi hatoki nje kabla ya mwezi?"

"Nilisema. Vaa viatu." Kisha akatoa neno ambalo Namkunda hakuwahi kulisikia. "Wa kwanza naye alitapika hivi. Wewe ulikuwa umelala. Nikasema ni mchango wa tumbo tu, nikamnywesha dawa ya mizizi, na kanga nikaifua kabla hujaamka."

Hasira ilimpanda Namkunda, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira, akavaa viatu.

Kadeghe walimkuta barabarani, lori limejaa magunia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na lori zito kwenye utelezi ule lingeshuka kwa kunyata mpaka jioni. Alimtazama mtoto mara moja. Akafungua bodi ya nyuma, akaanza kushusha magunia kwenye matope, tangawizi ya msimu mzima.

"Itaoza, kaka," Namkunda alimwambia.

"Ioze."

Wakashuka. Mara mbili magurudumu yaliteleza kuelekea korongoni, na mara mbili Kadeghe akalirudisha lori njiani. Namkunda hakuliogopa korongo. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na tumbo lilikuwa limekaza. Njia nzima alimwomba alie, hata kidogo.

Walifika adhuhuri. Daktari Kokugonza alilibonyeza tumbo, akaitazama picha ya tumbo iliyopigwa. "Utumbo umejisokota, damu haipiti. Tunampasua sasa hivi."

"Atapona?"

"Ningejua ningekwambia, mama."

Yaliyotokea ndani walisimuliwa baadaye na muuguzi. Daktari aliunyoosha utumbo akaukuta karibu wote mweusi. Mwenzake akasema ukatwe. Lakini ukikatwa wote, mtoto ataishi na nini? Na ukiachwa umekufa, utamwozea ndani. Daktari aliufunika kwa vitambaa vya uvuguvugu, akasimama kungoja damu irudi, mikono imetulia. Dakika kumi. Mwenzake akamhimiza tena. Dakika ishirini. Ndipo wekundu ulipoanza kurudi polepole, na Daktari akakata kipande cha urefu wa kidole tu.

Nje kwenye benchi, Bibi Naetwe alinyoosha mkono. Namkunda hakuushika, wala hakuusukuma.

Siku ya sita baada ya kupasuliwa, mtoto alipata choo. Bibi Naetwe aliikagua ile nepi akalia machozi. Muuguzi akaja na kadi iliyoandikwa "Mtoto wa Namkunda". Akasema, "Sasa tupeni jina, tumechoka kumwita kitanda cha tatu."

Kwao jina ndiyo shukrani. Ukipewa wajina, wewe ni wa nyumba hiyo mpaka kufa. Mume wa Namkunda, aliyekuwa mgodini, alisema kwenye simu, "Umezaa wewe, umeogopa wewe. Jina toa wewe."

Kadeghe, aliyekuja kuwaona, alikunja kofia yake mikononi. "Mama yangu aliitwa Mbazi. Alikufa bila wajina. Sisemi zaidi."

Daktari alitabasamu. "Nimewapasua wengi, na hakuna hata mmoja anayeitwa Kokugonza. Lakini mimi ni kazi yangu."

Bibi Naetwe alisema, "Mimi msinitaje. Jicho hili nililipata kwa yule wa kwanza."

Haya. Bila jicho la bibi, lori lisingesimamishwa. Bila lori, daktari angepokea maiti. Bila subira ya daktari, safari yote ingekuwa ya bure. Namkunda ameshika kalamu na mtoto ananyonya. Kando yake Bibi Naetwe anakunja nepi, hainui uso.

Msinijibu haraka. Ingekuwa wewe umeshika kalamu hiyo, mtoto mmoja umemzika na mwingine yuko kifuani, ungeandika jina la nani?