Ua wa Bi Ng'washi Baharini

Hapo zamani, zamani ile ambayo mimi bado nilikuwa na meno yangu yote, alitokea mwanamke wa bara akaja kuishi katika mji wetu wa Mtondooni. Nawaambia mapema kwamba hadithi hii inanikera. Kila nikiisimulia inanikera upya, na nataka iwakere na nyinyi, maana mwishoni nitawauliza swali na sitaki majibu ya watu walioshiba.

Mwanamke huyo aliitwa Ng'washi, Msukuma wa Shinyanga, umri wake miaka hamsini na minne. Mumewe alipokufa, shemeji zake waligawana ng'ombe, wakagawana mashamba, halafu wakamwonyesha yeye kona ya jikoni wakamwambia, "Wewe kaa hapa, utulelee wajukuu." Miaka thelathini ameyalima mashamba yale, leo anapewa kona ya jikoni. Akafunga nguo zake, akachukua jembe lake, akapanda treni, akaja mahali ambako hakuwa na ndugu hata mmoja.

Wazee wa mji wakamwuliza, "Bibi, kwa umri huo unatafuta nini huku?"

Akajibu, "Maisha yangu yote nimelima nikitazama juu, naomba mvua. Nimechoka kuomba. Nataka kukaa mahali ambapo maji yanakuja yenyewe."

Watu wakacheka.

Sasa, ardhi yote ya mbele, ile inayopakana na bahari, ilikuwa ya ukoo wa Bwana Mwinchande. Na bahari ilikuwa inaila. Nyumba mbili zilikwisha kwenda, minazi ilikuwa inaanguka mmoja mmoja, mpaka makaburi ya wazazi wake Mwinchande yalikuwa yanasubiri zamu yao. Bwana Mwinchande akampa mgeni kipande cha mwisho kabisa, kile ambacho maji yakijaa yanakilamba. Akamwambia mbele ya mashahidi, "Jenga. Lima kunde, lima mihogo. Ila usipande mti wa kudumu. Unajua desturi?"

"Sijui, baba. Niambie."

"Pwani yetu, ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Apandaye mti, mti ni wake, hata kama ardhi si yake. Akiondoka, ana haki ya kuondoka na alichokipanda. Ndiyo maana mgeni hatumruhusu kupanda."

"Nimesikia," akasema Bi Ng'washi.

Akajenga kijumba cha udongo. Alipokwisha, akakizunguka, akatikisa kichwa. Kwao mji usio na ua wa minyaa si mji, ni banda tu. Nyuma kulikuwa na watu, hakukuwa na haja ya ua. Aliyekuwa akiingia bila hodi ni bahari. Basi akaamua kuizuia bahari kwa ua.

Akaokota mbegu za mikoko zilizoletwa na maji, zile ndefu kama bamia kubwa. Akangoja siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida; maji yalipokupwa mbali sana, akaona tope lote liko wazi, akasema shamba ndilo hilo. Akapanda mistari mitatu. Halafu, jamani, akaenda kisimani, akateka ndoo ya maji matamu, akayabeba kichwani mpaka kule kwenye tope akaimwagilia mikoko yake. Mkoko, ambao usiku na mchana unakunywa bahari! Asubuhi yake bamvua likarudi na nguvu zake, likaondoka na mbegu zote.

Watu wakacheka. Nami nilicheka, sifichi.

Hakucheka Bi Mize, mwanamke aliyeishi kwa kuchokoa pweza miambani. Alimkuta Bi Ng'washi ameketi kwenye tope, ndoo kando yake, akamwambia, "Mwenzangu, acha kuibebea bahari maji. Na mbegu usipande bamvua, panda maji mafu, bahari inapokuwa haina nguvu. Zipate siku saba za kushika. Ncha hii chini, hii juu. Na usipande kwa mstari kama mahindi, zibananishe." Kwa misimu miwili Bi Mize aliacha pweza wake siku za maji mafu, akaenda kupanda naye. Mama yake ndiye aliyemfundisha mambo hayo, na kabla ya hapo hakuwahi kumwambia mtu.

Mbegu zikashika. Zikatoa majani. Mwaka wa nne akatokea Mtulia na panga. Kazi yake ilikuwa kukata mikoko ya boriti na fito, kazi ya baba yake na babu yake. Bi Ng'washi akamtangulia mbele, akasimama kwenye tope, hakupiga kelele. Akamwambia, "Mwanangu, kata. Lakini ujue nina miaka hamsini na minane na sina ua mwingine wa kupanda."

Mtulia akatazama miti, akamtazama mama, akarudisha panga kiunoni. Tangu siku hiyo akawa mlinzi. Hakuna aliyemwomba. Waliokuja kukata aliwafukuza, na siku moja katika kuwafukuza alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Kazi ya boriti ikamshinda. Akawa mtu wa vibarua, anaishi kwa kutegemea watu.

Ikatimia miaka kumi na miwili tangu aje. Mikoko ikawa msitu. Mizizi ikashika tope, tope likashika mchanga, na pale palipokuwa maji pakawa nchi kavu, pana kama kiwanja cha mpira. Kisima cha upande wa bahari, kilichokuwa na chumvi, kikaanza kutoa maji matamu. Likaja bamvua kubwa ambalo miji jirani bado inalisimulia kwa kilio. Kwetu lilifika kwenye ua, likanung'unika, likarudi. Hakuna nyumba iliyoanguka. Makaburi ya wazazi wa Mwinchande yakabaki.

Siku hiyo hakucheka mtu.

Mngedhani mji ungekwenda kumshukuru. Mwezi haukuisha, Bwana Mwinchande akamwita Bi Ng'washi barazani mbele ya wazee. Akamwambia kwamba mdogo wake yeye Mwinchande amestaafu huko mjini, anataka kuanza maisha mapya pembeni ya bahari, apate upepo. Mmesikia? Maisha mapya pembeni ya bahari. Bi Ng'washi sasa ana miaka sitini na sita, anaambiwa afungashe, aache kijumba na ile nchi kavu mpya.

Bwana Mwinchande akasema, "Ardhi ile ni yangu. Bahari iliila ardhi ya baba yangu, sasa imeitapika. Kitu kilichorudi ni cha mwenyewe. Na huyu mama nilimpokea wakati hana pa kulala, nikampa sharti moja tu, akalivunja. Mkoko ni mti wa kudumu. Nisingempa kiwanja, angepanda wapi?"

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona ana haki.

Akasimama Bi Mize. Nilidhani anakwenda kumtetea mwenzake. Akasema, "Ardhi ile ni yangu. Mama huyu nampenda, lakini alikuwa anamwagilia bahari kwa ndoo. Elimu ni ya mama yangu, na misimu miwili niliyokosa pweza watoto wangu walilala na uji. Nina mabinti watatu hawana pa kujenga. Nisingemfundisha, angepanda nini?"

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona naye ana haki.

Akasimama Mtulia, akanyoosha ule mkono wake. "Ardhi ile ni yangu. Bila mimi miti ile leo ingekuwa mapaa ya nyumba za watu mjini. Nimeacha kazi ya ukoo wangu, nimeacha na vidole. Nisingelinda, mngekuwa mnagombania nini?"

Wazee wakatikisa vichwa tena. Vichwa vyao siku ile vilikuwa vyepesi.

Bi Ng'washi akasimama mwisho. Hakuinua sauti. "Baba Mwinchande, uliniambia nisipande kwenye ardhi yako. Sikupanda kwenye ardhi yako, nilipanda baharini, na bahari hukuniazima wewe. Dada Mize, ulinifundisha, nami sijawahi kula samaki wa pale bila kukuletea. Mwanangu Mtulia, wali wangu umeula miaka minane, sikuhesabu sahani. Sasa nyote mna haki, na mimi ninayo kona ya jikoni. Sawa. Baba, desturi ni yako, uliniambia mwenyewe: mwenye kuondoka ana haki ya kuondoka na alichokipanda. Naondoka na changu."

Akaingia ndani, akatoka na panga.

Maji yalikuwa yamekupwa. Alitembea mpaka kwenye mkoko wa kwanza na mji mzima ukamfuata. Bwana Mwinchande anapiga kelele kwamba makaburi ya wazazi wake yatakwenda na maji. Bi Mize analia. Mtulia ameukumbatia mti kwa mkono wenye vidole vitatu. Bi Ng'washi akaliweka panga juu ya shina, kisha akageuka akatutazama sisi wengine, sisi tulionusurika nyuma ya ua wake. Akasema, "Nimekaa kwenu miaka kumi na miwili. Semeni neno moja tu, mimi ni mtu wa hapa au si mtu wa hapa?"

Hakuna aliyesema. Wengine tuliogopa ukoo wa Mwinchande, wengine tulikuwa tunapiga hesabu ya kipande chetu. Nyumba yangu mimi ilikuwa ya tatu kutoka kwenye ua. Nilitazama vidole vyangu vya miguu ndani ya tope, na aibu ile ninayo mpaka leo. Maji yakaanza kujaa, yakamfika magotini, naye bado anangoja jibu na panga mkononi.

Wazee waliamua nini, siwaambii. Nikiwaambia mtajificha nyuma ya uamuzi wao, kama sisi tulivyojificha nyuma ya miti ya yule mama. Amueni wenyewe, maji hayo yanajaa.

Ardhi ile ilikuwa ya nani: ya aliyetoa kiwanja, ya aliyefundisha, ya aliyelinda, au ya aliyepanda? Na kama Bi Ng'washi alilishusha panga lile, je, nani kati yetu alistahili kumlaumu?