Moshi wa Kichakani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi nyumba za kupanga kama sisi, alikuwako Tembo mwenye kampuni kubwa ya asali. Siku moja akatangaza kwamba anatafuta mji wa kuweka makao yake makuu.

Basi! Miji ikapagawa. Watu wa Mbugani wakamfyekea kiwanja na kumpa mto mzima aoge peke yake. Wa Kichakani wakasema, "Sisi tunampa kilima!" Ngoma zikalia, du-du-du, na hakuna aliyecheza kumshinda Fisi, maana nyumba zote za kupangisha pale Kichakani zilikuwa zake.

Alipochoka kucheza akaanza kupita mlango kwa mlango. Ngo! ngo! ngo!

"Hodi, Bi Nguchiro!"

"Karibu, Bwana Fisi. Sema polepole, watoto wamelala."

"Kodi imepanda mara tatu. Wakubwa wa Tembo wanakuja, hao watalipa bila kuuliza. Kama huwezi, hama leo."

"Jamani! Wanangu bado wachanga. Nitawapeleka wapi na mvua hii?"

"Mbugani."

"Mbugani nako Chui, mwenye nyumba wa huko, amewatoa wapangaji wote!"

"Basi kaa njiani," akasema Fisi. Akacheka, hiii-hi-hi! Akaenda kugonga kwa jirani.

Siku ile ile mji mzima ukahamia porini. Kanga alitoka na vifaranga wake, Sungura na godoro kichwani. Kobe tu ndiye hakuhangaika, yeye nyumba anayo mgongoni. Nguchiro akawafunika wanawe kwa shuka lililolowa, akaona uchungu mpaka machozi yakamtoka.

Lakini Nguchiro hakuwa mtu wa kulia muda mrefu. Kulipokucha akapangusa uso, akamwachia Kanga watoto, akaenda kwa Fisi. Akamkuta barazani anajipepea, nyumba tupu zimemzunguka.

"Pole sana, Bwana Fisi."

"Pole ya nini?"

"Kumbe hujasikia? Tembo yuko njiani. Atatazama moshi wa majiko. Mji wenye moshi ndio wenye watu, na kampuni inataka watu. Usio na moshi anaupita hivi!" Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Fisi akatazama mapaa yake. Hata moshi wa kiberiti hakuna.

"Moshi kitu gani? Nitauwasha mwenyewe!"

Akaingia nyumba ya kwanza, akapuliza kuni, fuu! fuu! Moshi ukatoka. Akakimbilia ya pili, huku nyuma ile ya kwanza ikazimika. Akarudi, ya pili nayo ikazimika. Mara mkia ukashika moto.

"Mama wee! Naungua!" Akachomoka mbio, akaukalia kwenye dimbwi, chwaaa!

Nguchiro akajiuma ulimi asicheke.

"Koh! koh! Bi Nguchiro, dada yangu, waite wapangaji warudi!"

"Leo nimekuwa dada? Hawatarudi. Wanajua utawatoa tena kesho."

"Sitawatoa, naapa!"

"Usiape. Piga mbiu."

Fisi akasita. Kule Kichakani, wanangu, neno likishatangazwa kwa pembe ya mbiu limekuwa sheria, na hata Simba hakuthubutu kulitengua. Mara ardhi ikatikisika: ndi! ndi! ndi! Nyayo za namna ile ni za Tembo tu.

Fisi akanyakua pembe. Vuuuuu! "Wapangaji wote, rudini! Kodi ni ile ile ya zamani! Haipandi, na hafukuzwi mtu, mpaka wajukuu wa wajukuu zenu!"

Loo! Wakaja mbio, masufuria yakigongana. Majiko yakawashwa, uji ukachemka, moshi ukapaa juu ya kila paa.

Tembo akawasili. Fisi akamdaka pale pale. "Shikamoo, Mzee Tembo! Umeuona moshi wangu?"

"Marahaba. Moshi gani? Nani kakwambia natafuta moshi?"

Fisi akageuka polepole. Nguchiro alikuwa mlangoni kwake, mtoto mgongoni, anakoroga uji kama hajasikia kitu.

"Ila," Tembo akaendelea, mkonga juu, ananusa, "Mbugani nimezunguka tangu alfajiri, sikupata hata wa kuniambia karibu. Nyumba nzuri, zote kufuli. Asali yangu itafungashwa na kufuli? Hapa nasikia harufu ya uji. Nakaa hapa hapa!"

Mwiko nusura umponyoke Nguchiro. Alitunga uongo, kumbe ametabiri! Akapiga kigelegele, na mji mzima ukaitikia.

Fisi naye akakumbuka: wakubwa wanakuja, na yeye kodi ni ile ile! Akairukia pembe, akaitia mdomoni, akaanza kuvuta pumzi kwa ndani. Fyooo! Fyooo!

"Unafanya nini, Bwana Fisi?" akauliza Nguchiro.

"Nayarudisha maneno yangu!"

Akavuta, akavuta, tumbo likavimba, macho yakamtoka. Kilichoingia ni moshi mtupu. Koh! koh! koh! Tembo akacheka mpaka kilima kikatetemeka, na wapangaji wakaendelea kunywa uji wao ndani ya nyumba zao.

Hapo ndipo nilipowaacha, wanangu, na ninalowaachia ni hili: mji ni wale wanaopika ndani yake, na anayewafukuza hubaki na kuta.