Mama Aliyenawiri

Na wewe wa kule nyuma, acha kusinzia. Mfano huu ukikupita, mwingine kama huu hautungwi mpaka miaka mia saba.

Alikuwapo mama mmoja, figo zimegoma. Hospitalini wakamwekea mpira mwembamba shingoni, ukaingia kwenye mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo, ili asafishwe damu kwa mashine. Alikonda! Akipita uani, kuku hawaoni mtu, wanaona gauni linatembea lenyewe. Kila asubuhi anaishika picha yake ya harusi, mashavu yale! Anasema, "Bwana, nirudishie huyu, hata Jumapili moja tu."

Basi mashavu yakaanza kurudi. Shingo ikajaa. Ibada ilipoisha, wifi yake akapiga kigelegele: "Wifi! Umenawiri! Unakula nini peke yako huko, mchoyo wewe?" Mama akacheka. Mwaka mzima hakuwa amecheka.

Nesi wa mashine akamtazama, yeye hakucheka. "Mama, twende ukapigwe picha ya mshipa."

"Nimenenepa mara moja tu, na wewe roho inakuuma?"

Akakataa wiki tatu. Ungekubali wewe? Mtu akikwambia umependeza, unakwenda kupima?

Mpaka siku alipoinama kufunga kiatu, pumzi ikakata. Wakambeba, wakampiga picha. Kumbe pale penye ncha ya mpira damu imeganda, mshipa umeziba! Wakapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa, wakiufuata kwa picha hiyohiyo, polepole, wakauzibua. Siku ya tatu mashavu hayapo. Akashika kioo, akalia: "Dokta, nirudishie uso wangu!"

Daktari akaketi kando yake. "Mama yangu, ule haukuwa uso wako. Ilikuwa damu yako inataka kurudi kwenye moyo, imekosa njia."



Ndugu zangu, sisi tumevimba. Tunaambiana, "Umebarikiwa, unang'aa!" Mimi ndio kabisa, mkinisifia mahubiri kichwa hakipiti mlangoni, mpaka wabomoe ukuta. Na humu ndani kuna kitu kinatamani kurudi kwa Mungu. Kinasukuma, kinasukuma, hakipiti. Tunauona uvimbe wake, tunauita neema.

Mwambie Mungu leo akutazame ndani. Utatoka umekonda, na hakuna atakayekusifia. Lakini utapumua.