Jina la Mtoto wa Mgonja

Hapo zamani, na mnisikilize vizuri maana nitawauliza, hapo zamani katika kijiji cha Mlangonyi, juu kabisa milimani, mtoto alitumbukia shimoni.

Mtoto huyo ni Kajiru, mwana wa Mgonja mhunzi. Alikuwa anamkimbiza mwanambuzi, akakanyaga majani, majani yakaachia, huyooo! Lilikuwa shimo kuukuu la wachimba mawe ya chuma, jembamba, refu. Kwa bahati alinasa katikati, juu ya kibonge cha udongo kilichojitokeza ukutani. Chini yake giza tupu.

Kijiji kizima kikakimbilia huko. Mgonja akalia, "Jamani, nani atanisaidia?"

"Mimi nitashuka!" Huyo ni Mshana, mpasua mbao, mwanamume aliyebeba gogo peke yake huku wenzake wakitazama.

"Mimi nitaongea na mtoto!" Huyo ni Kiangi. Watu wakaguna, maana Kiangi akipewa jembe huliegemea na kuanza porojo.

"Mimi nitachemsha maji," akasema Nakiete, binti mwembamba ambaye tangu utoto hulala mlango wazi kwa kuogopa giza.

Basi Mshana akajifunga kamba, akaingia. Kiuno kikapita. Mabega yakagoma! Akajisukuma, udongo ukamwagika, pwaaa! Kajiru akapiga ukelele.

"Mshana, toka!" mama wa mtoto akapaza sauti. "Utamfukia mwanangu!"

Mshana akatoka, uso umemvimba kwa aibu. Akawatazama watu mabega, mmoja baada ya mwingine. Macho yakatua kwa Nakiete, na Nakiete akayaona. Akaweka chungu chini.

"Kaka Mshana, naogopa mno," akasema. "Lakini mimi nitapita. Nifunge kamba."

"Nitaishika mimi, dada yangu. Siiachii."

Ukingo ulikuwa unabomoka, haukuweza kubeba watu wengi. Mshana akakaa peke yake, akakita miguu kwenye mwamba, kamba mgongoni. Kiangi akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo.

"Kajiru! Usisogee, mwanangu. Nimekuambia habari za fisi aliyeposa?"

"Bado," kisauti kikajibu.

"Alivaa kanzu! Sasa mkia auweke wapi?"

Kikaja kicheko kutoka chini. Fisi akaenda ukweni, akaukalia mkia wake, akauvunja mtungi wa mama mkwe. Kila mtoto alipoanza kusinzia, Kiangi alimgutusha: "Kajiru! Halafu fisi akasemaje?" Na mtoto akajibu, na hakusogea.

Nakiete akashuka. Ukuta ukamkwaruza huku na huku. Alifumba macho akashuka kwa kupapasa, mpaka vidole vikagusa nywele. "Nimempata!" Akamkumbatia, na pale pale kibonge cha udongo kikang'oka!

Wote wawili wakaning'inia. Kamba ikamchoma Mshana viganja, ngozi ikatoka, damu ikachuruzika hadi viwikoni. Hakuachia. Akavuta. Akavuta tena. Kikatokea kichwa cha Kajiru, kikatokea cha Nakiete! Vigelegele! Watu wakarukaruka, wakagaagaa chini kwa furaha!

Mgonja akasimama katikati yao. "Mke wangu ni mjamzito. Atakayezaliwa, wa kike au wa kiume, atabeba jina la aliyemwokoa ndugu yake!"

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Aitwe Nakiete," akasema Nakiete mwenyewe. "Kazi ile hainifai hata kidogo. Mpaka sasa nikifumba macho niko mle ndani. Nani mwingine alikwenda mahali anapopaogopa kuliko kifo?"

Mshana aliinamia mikono yake iliyofungwa majani. Mama yake ndiye aliyesema, "Mwanangu aliitaka sifa ya kushuka, akaiacha mbele ya watu wote. Akachagua kukaa nyuma ya kamba. Viganja vyake havitakunjuka tena. Mpasua mbao bila viganja ni nani, jamani?"

"Na mimi je?" Kiangi akaruka. "Ni kweli, sikuogopa, wala sikuumia. Nilifanya kile kile mnachonisema kila siku, tena kwa raha zangu! Lakini mtoto angesinzia kidogo tu, Nakiete angemkuta nani? Kwani kazi ikikufaa sana ndiyo haina thamani?"

Mgonja akasema aitwe Mshana. Mkewe akasema Nakiete. Kajiru alipoulizwa akasema, "Fisi!" Watu wakacheka, kisha wakagawanyika: wengine Mshana, wengine Nakiete, wengine Kiangi, makelele kijiji kizima, wiki baada ya wiki.

Asubuhi moja uchungu ukamshika mama. Sikilizeni! Mtoto analia, amezaliwa, ni mzima! Bibi yake anatoka naye mlangoni, anamwinua juu, watu wote wanangoja atamke jina.

Nanyi mliokaa hapa, mtamwambia bibi alitamke la nani?