Mitetea Sita Kifungoni

Kijijini Mwasuka ni Lufunga peke yake aliyefuga kuchi, kuku warefu wenye mapaja ya kushibisha nyumba nzima. Nyanzobe, aliyepika chakula sokoni, alikwenda kumwomba amwazime jogoo. Kuku wake wa kienyeji walikuwa wembamba wasio na nyama, na wateja walishaanza kumkimbia wakisema anawauzia mifupa.

“Mbegu yangu simpi mtu,” alisema Lufunga.

Nyanzobe alishukuru, akaenda zake.

Kesho yake Lufunga alikuta mitetea sita wa Nyanzobe wakiparura mchicha uani kwake. Aliwakamata wote, akawafungia bandani, kisha akamwita mwenyewe.

“Watakaa ndani siku kumi. Na mayai watakayotaga ni yangu!”

“Siku kumi, mzee! Na yule jogoo wako mbabe? Atawaonea. Wafungie hata jikoni, nakusihi.”

“Humo humo na jogoo! Wakajifunze adabu.”

Nyanzobe alijishika kichwa, akaondoka polepole. Siku ya kumi alikuja na tenga, akawachukua kuku wake.

Miezi minne baadaye Lufunga alipita kwa Nyanzobe. Majogoo wachanga wenye miguu mirefu na shingo tupu walimkodolea macho kwa dharau aliyoizoea nyumbani kwake.

“Hawa umewatoa wapi?”

“Wamezaliwa na wale wafungwa wako, mzee, kwa mayai waliyotaga baada ya kutoka kwako. Baba yao unamlisha wewe.”

“Basi lile balaa la mchicha lilikuwa bahati yako!”

“Bahati gani, mzee? Umewahi kurusha kuku sita juu ya ukuta wa uani kwako, mmoja mmoja? Mabega yaliniuma wiki nzima.”