Kigoda cha Mama Nakiete

Hapo zamani, milimani ambako maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, Mzee Mrutu alifiwa na mkewe, Mama Nakiete. Alimzika bila kudondosha chozi. Watu wakasema, "Mwanamume huyo!" Matanga yakaanuliwa, wakarudi makwao.

Hawakujua alichokimeza. Asubuhi ya kifo mkewe alimwita kutoka kitandani: "Baba Nakiete, niletee maji." Naye alikuwa mlangoni, jembe begani, zamu yake ya mfereji imefika. Akajibu, "Subiri, nilifungulie shamba maji kwanza." Aliporudi, miguu imejaa tope, hakukuwa tena na wa kupewa maji.

Tangu hapo aliketi akikitazama kigoda cha mkewe kando ya mafiga. Hakusema. Hakula. Hakumruhusu mtu kukikalia.

Binti yake, Nakiete, akaiacha nyumba ya mumewe, akaja na sufuria ya uji. "Baba, kijiko kimoja tu." Kesho yake, kijiko kimoja tu. Alimlisha kama alivyolishwa yeye utotoni. Lakini mzee hakutoa neno, na mbavu zilizidi kuhesabika.

Nakiete akamwita Namkunda. Huyu alisomea mjini kazi ya kuwasikiliza waliovunjika moyo, ila shule yake ya kwanza ilikuwa msiba wake mwenyewe. Alipofiwa na mumewe kila mtu alimwambia, "Jikaze." Akajikaza miaka miwili, hata siku moja akajaribu kuikumbuka sauti ya marehemu, asiipate. Kwa hiyo yeye hakumwambia mtu ajikaze. Hakushauri, hakuhimiza, wala neno alilolisikia ndani hakulitoa nje.

Saa nne kamili alifika, akaketi sakafuni.

"Nimekuja, mzee."

Kimya.

"Basi tutakaa."

Saa tano akaondoka. Kesho yake saa nne: "Nimekuja, mzee." Kimya. "Basi tutakaa." Siku ya ishirini tangu msiba mzee alisogeza miguu kumpa nafasi. Siku ya thelathini, ilipokaribia saa nne, aligeuza uso kutazama njia.

Siku ya arobaini ndugu walikusanyika. Akaja Shemweta, mtani wa ukoo, mwenye haki ya kumcheka hata mfiwa. Akajifunga kanga ya marehemu, akashika kibuyu kitupu, akajibwaga juu ya kigoda.

"Baba Nakiete, niletee maji!" akaita kwa sauti ya marehemu, vile majirani walivyozoea kumsikia akiita. "Au umeuoa mfereji?"

Watu wakacheka. Mzee Mrutu akasimama, akamtazama Namkunda, kisha akafumbua kinywa.

"Aliniita hivyo hivyo. Nikamwambia asubiri."

Akalia. Kicheko kikakatika. Nakiete alikuwa ameshika bakuli la uji; akaliweka chini polepole.

Mzee alilia siku tatu. Siku ya nne alikula kwa mkono wake, akawaita wote watatu. "Nilikuwa nakufa," akasema. "Aliyenirudisha achukue kigoda hiki. Sina kitu ninachokipenda zaidi."

Shemweta akasema, "Hawa walibisha hodi siku arobaini, mzee mwenzangu. Mimi nilivunja mlango. Nipe, nami nakuapia sitakikalia nikiwa nimelewa."

Namkunda akasema, "Angeuvunja siku ya kwanza, aibu ingekuua. Nilikaa mpaka ukajua kwamba mtu anaweza kulisikia lako, asiinuke akaenda zake. Sikuja kutafuta kigoda. Lakini umeuliza."

Nakiete alikitazama kigoda. "Ni mimi niliyekulisha, baba," akasema. "Ningalijua, sijui kama ningalikulisha. Mama aliita maji, mimi nikaja kukunywesha wewe uji. Nipe kigoda chake nikiondoe humu. Na nikiondoka nacho, usiningoje."

Mzee Mrutu akakiinua. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Akimpa binti yake, atampoteza. Akimpa mwingine, binti ataondoka vilevile, mikono mitupu. Namkunda hakumshauri.

Mpaka leo amesimama hapo, kigoda mkononi, na mimi sina jibu la kumpa. Ninyi mliosikia, msaidieni. Kuna aliyemlisha, kuna aliyekaa naye, kuna aliyemliza. Je, nani alistahili?